Mwana, Baba na Kuzimu: Asili ya Mvuto wa Michezo Migumu ya Vidio

Ipo aina ya mchezo wa vidio inayoonekana kuwa imetungwa ili kumtesa anayeicheza. Mchezaji hukabidhiwa shujaa mmoja mdogo, aghalabu asiye na jina, naye huwekwa katika nchi ya magofu, makaburi na mazimwi. Shujaa huyo hana budi kukimbia, kurukia vibao vilivyoning'inia juu ya mashimo, kukwepa mapanga na miiba, na kupambana na adui mwenye nguvu maradufu kuliko zake. Hufa. Hurudishwa nyuma, huanza upya, hufa tena. Wapo wanaokesha mbele ya zimwi mmoja, wakaenda kulala hawajamshinda, na kesho yake wakamrudia kwa hiari yao. Swali linalozuka ni jepesi kuliuliza, gumu kulijibu: ni kitu gani kinachomvuta binadamu kulipia adhabu?

Swali hilo huwa na uzito wa pekee likiulizwa Aru. Eneo la Aru liko kaskazini ya mkoa wa Ituri, mkabala na Arua ya Uganda, na ugumu wa maisha hautafutwi huko. Umo njiani, sokoni na kwenye kituo cha forodha. Isitoshe, kijana yeyote wa Ituri aliyezaliwa katika robo karne iliyopita ameshuhudia, au amesimuliwa na waliomlea, vita vya 1999 hadi 2003, na mauaji yaliyozuka upya huko Djugu mwishoni mwa 2017. Mzazi au mchungaji akiuliza kwa nini kijana kama huyo atafute kifo katika kioo cha televisheni, hapaswi kubezwa. Hoja yake hujibiwa vizuri zaidi na historia kuliko na mahubiri.

Historia ya ugumu huu haikuanza na falsafa yoyote. Ilianza na sarafu. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, Japani, Marekani na Ulaya, michezo ya vidio ilichezwa zaidi katika mashine kubwa zilizowekwa kwenye mabaa, maduka na kumbi za starehe. Mchezaji alitumbukiza sarafu, akapewa roho chache, na zilipokwisha akatumbukiza nyingine. Mwenye mashine hakufaidika na mtu aliyecheza saa nzima kwa sarafu moja. Alitaka mteja wake afe upesi, ila si upesi kiasi cha kukata tamaa na kuondoka. Ugumu wa wakati huo, kwa hiyo, ulikuwa hesabu ya biashara.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Ghosts 'n Goblins, uliotolewa na kampuni ya Capcom mwaka 1985 chini ya uongozi wa Tokuro Fujiwara. Shujaa wake, Arthur, anamwandama binti mfalme aliyetekwa na Shetani. Akiguswa na adui mara moja, deraya yake hupasuka akabaki na chupi. Akiguswa mara ya pili, huwa rundo la mifupa. Mchezaji hodari aliyefika hadi mwisho, baada ya siku nyingi za jasho, huambiwa kwamba yote aliyoyaona ni mazingaombwe ya adui, na kwamba hana budi kurudi mwanzo na kuifanya safari nzima kwa mara ya pili. Kila mfanyabiashara aliyewahi kuvuka mpaka atamtambua mhusika huyu: ni yule karani ambaye, ukishamlipa, hugundua karatasi nyingine inayokosekana.

Michezo ilipohamia majumbani, sarafu ilitoweka lakini ukali ukabaki. Castlevania, uliotolewa na Konami mwaka 1986, ulimpeleka mchezaji katika ngome ya Dracula, yenye ngazi, popo na vichwa vinavyoruka ambavyo humsukuma shimoni kwa pigo moja. Hapa ugumu ulifanya kazi nyingine. Mchezo wenyewe ulikuwa mfupi, na kifo ndicho kilichourefusha. Katika miaka ya 1990 na ile ya mwanzo ya 2000, uwezo wa mitambo ulipoongezeka na hali ya mchezo ikaweza kuhifadhiwa mara kwa mara, watungaji wengi waliupunguza ukali huo. Mchezaji akawa mgeni wa heshima, akiongozwa kwa mkono toka chumba kimoja hadi kingine.

Mabadiliko yalitokea mwaka 2009, nayo hayakutarajiwa hata na waliolipia kazi hiyo. Kampuni ya FromSoftware ya Tokyo ilitoa Demon's Souls, kazi iliyoongozwa na Hidetaka Miyazaki. Shuhei Yoshida, mmoja wa wakuu wa Sony wakati huo, alikiri baadaye kwamba aliujaribu kwa karibu saa mbili akashindwa kutoka mwanzoni, akauona haufai kitu. Mauzo ya siku za kwanza nchini Japani yalikuwa madogo. Kisha wachezaji wakaanza kuambizana, na mchezo ukavuka bahari kwa sifa ya midomo ya watu. Dark Souls ukafuata mwaka 2011, na Elden Ring, uliotoka mwaka 2022, uliuza zaidi ya nakala milioni 20 katika mwaka wake wa kwanza. Watungaji wengine wakaichukua roho hiyo na kuirudisha katika umbo la zamani la kukimbia na kurukaruka: Salt and Sanctuary mwaka 2016, Hollow Knight wa kundi dogo la Adelaide, Australia, mwaka 2017, na Blasphemous wa Sevilla, Hispania, mwaka 2019.

Miyazaki amesimulia kwamba alikulia katika familia isiyo na uwezo, akawa anaazima vitabu maktabani, vingine vya Kiingereza ambavyo hakuvielewa vyema. Pale lugha ilipomshinda, aliziba pengo kwa kutazama picha na kubuni. Msomi wa lugha hawezi kuupita ushuhuda huu haraka. Mwanafunzi wa Aru anayesema Kilugbara au Kikakwa nyumbani, Lingala na Kiswahili sokoni, na kukutana na Kifaransa darasani, anaijua hali hiyo ya kusoma ukurasa huku nusu yake ikiwa gizani. Michezo ya Miyazaki haielezi mambo yake waziwazi. Huyatawanya katika maandishi mafupi ya vitu vilivyookotwa, na mchezaji huunga vipande. Kwa maneno mengine, ugumu wa upanga na ugumu wa maana vilitoka kwa mtu mmoja, na yamkini vina chanzo kimoja.

Tofauti ya kimsingi kati ya ugumu wa 1985 na ule wa 2009 na baadaye ni sheria. Katika michezo hii mipya, zimwi hubadili mwendo wake kwa kufuata mpango anaoweza kusomwa. Huinua bega la kushoto kabla ya kupiga. Hunguruma kabla ya kuruka. Aliyekufa mara kumi kwa pigo lilelile anaanza kuliona kabla halijaja. Mkono wake ndio uliojifunza, kwa kuwa shujaa aliye katika kioo mara nyingi ana nguvu zilezile alizokuwa nazo jana. Katika Hollow Knight, anayekufa huacha nyuma kivuli chake chenye fedha zote alizochuma. Hana budi kurudi mahali pa aibu, apambane na kivuli hicho, ndipo apate mali yake. Akifa tena kabla ya kukifikia, mali imekwenda. Katika Blasphemous, unaotumia sura za maandamano ya Juma Takatifu la Sevilla, kila kifo huacha kipande cha hatia ambacho humpunguzia mtubu nguvu mpaka akiendee. Ni adhabu kali, lakini ni adhabu isiyobagua na isiyopokea hongo.

Jesper Juul, katika kitabu chake The Art of Failure cha mwaka 2013, ameuita mvuto huu kinzani: binadamu huepuka kushindwa, ilhali huitafuta michezo inayomshinda. Maelezo yake ya kinafsia yana nguvu, ila yanaacha kando jambo moja. Huwezi kulielewa jambo hili kwa kuchunguza kushindwa peke yake, bila kutazama ni hadithi gani inayosimuliwa wakati mtu anashindwa.

Kupenda ugumu si jambo geni kwa Waswahili. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, halimpokei mgeni kwa upole. Fundi huweza kumfunga mwanafunzi mkononi, yaani kabla kete zilizoshikwa hazijaisha kuingia mchezoni, na watazamaji hawatamhurumia. Hata hivyo bao halina zimwi wala kaburi. Anayetaka kuona ugumu ukiunganishwa na safari ya gizani hana budi kugeukia masimulizi, na si lazima aende mbali na Ituri.

Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, ambayo leo ni sehemu ya Walikale katika Kivu ya Kaskazini, mtambaji Candi Rureke alimsimulia mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo. Aliuimba, akaucheza na kuuigiza kwa siku 12, huku wasaidizi wakipiga vijiti na kuitikia. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1969 na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga ambaye baadaye aliiongoza Ofisi ya Lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kampala.

Shemwindo, mtemi wa Tubondo, aliwaamuru wake zake saba wazae mabinti tu, kwa kuwa alitamani mahari. Mwindo akazaliwa, tayari anatembea na kusema, ameshika usinga uitwao conga. Baba yake akamrushia mikuki, akamzika angali hai, akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mwana hakufa. Akaenda kwa shangazi yake Iyangura, akarudi na jeshi la wajomba, na Tubondo ikateketea. Ndipo Shemwindo alipong'oa shina la mmea wa kikoka akatoroka kuzimu. Mwindo akamwandama. Kabla ya kushuka alimpa Iyangura ncha ya kamba: kamba ikitulia bila kutikisika, shangazi ajue kwamba mwana amekufa.

Huko kuzimu anatawala Muisa. Binti yake Kahindo, mwenye buba, anamwonya Mwindo juu ya mitego iliyotandikwa. Muisa anaahidi kumtoa Shemwindo iwapo Mwindo atalima shamba la migomba na kulivuna kwa siku moja. Kazi inapokwisha, ahadi inageuzwa: sasa akarine asali. Ukanda wa kauri wa Muisa unamponda Mwindo hadi afikie kufa, usinga wake unamwinua. Kisha usinga unamwangusha Muisa, na Mwindo humfufua kwa usinga uleule. Baadaye, kwa Sheburungu, Mwindo anacheza kamari ya mbegu. Anapoteza mali, anampoteza hata shangazi. Mwisho anaweka conga yenyewe, na kwa hiyo anakomboa vyote.

Aliyewahi kucheza Ghosts 'n Goblins atamjua Muisa mara moja: ni bwana wa mchezo anayeongeza kazi baada ya kazi kukamilika. Lakini ulinganisho usivutwe kupita kiasi. Mwindo hajifunzi kwa kufa. Huinuliwa na kifaa chenye uwezo. Anayejifunza ni msikilizaji, kwa siku 12, huku sauti ya mtambaji ikikauka. Mchezo wa vidio umeuhamisha mzigo huo kutoka masikioni mwa hadhira hadi vidoleni mwa mtu mmoja. Jambo ambalo haukulibadili ni umbo: kushuka, kuangushwa, kuinuka, kupoteza vyote, kuvikomboa.

Pia kuna somo la pili katika utendi huu, ambalo michezo ya giza imelifikia kwa njia yake. Mwindo anapomuua Kirimu, joka lenye vichwa saba lililowameza wawindaji wake, hasifiwi na wote. Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Nkuba anamnyakua Mwindo na kumpeleka mbinguni, ambako anateseka mwaka mzima kwa baridi, mvua na jua kali, naye anarudi amekatazwa kuua. Ushindi dhidi ya zimwi una gharama, na zimwi ana wenziwe. Katika utenzi wa Waswahili wa Rasi 'lGhuli, wenye zaidi ya beti 4,000, adui akishindwa furaha ni kamili. Kwa jambo hili Wanyanga wako karibu zaidi na Dark Souls kuliko washairi wa Pwani.

Neno Kirimu lenyewe linastahili kutazamwa. Wanaisimu wa Kibantu hulihusisha na mzizi mmoja pamoja na irimu la Kikikuyu, na zimwi, mzimu na kuzimu ya Kiswahili. Zimwi, basi, si mnyama wa porini. Kwa asili ya jina lake ni mtu wa upande wa wafu. Kilugbara na Kikakwa si lugha za Kibantu, na mzizi huu si wao. Walugbara wana ori, yaani mizimu ya wazee, na wana Dribidu, mmoja wa mashujaa wao wa kale, ambaye John Middleton, aliyefanya utafiti kwao kuanzia 1949, aliandika kwamba husimuliwa kuwa mwenye manyoya mwili mzima, aliyewala watoto wake mwenyewe hadi akafukuzwa ng'ambo ya Naili. Neno kuzimu lilifika Aru pamoja na Kiswahili, likakuta giza lenye wenyewe. Kwa hiyo si kweli kwamba hadithi za kutisha zililetwa Ituri na mashine ya kigeni.

Mwaka 2024 safari hiyo ilifanywa tena, safari hii katika mchezo wa vidio wa kukimbia na kurukaruka. Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, pamoja na studio yake ya Surgent, alitoa Tales of Kenzera: ZAU tarehe 23 Aprili mwaka huo. Babake Salim alikuwa mhandisi wa programu za kompyuta, na ndiye aliyemwingiza mwanawe katika michezo ya vidio. Alipofariki, mwana alibeba huzuni hiyo kwa miaka mingi kabla ya kuifanyia kazi. Shujaa, Zau, ni mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mwenye mauti: atamletea roho tatu kuu, naye arudishiwe Baba. Jina Kalunga linafahamika toka Kongo hadi Angola; roho nyingine zimetolewa kusini na magharibi ya bara, na mmoja wao, GaGorib, ni wa Wakhoikhoi, ambao si Wabantu. Mchanganyiko huo una ulegevu wake. Si mchezo mkali kama ile ya Miyazaki, ingawa mtego mmoja wa miiba watosha kumrudisha mchezaji nyuma. Salim ameeleza kwamba alilichagua umbo hili kwa sababu humtupa mtu katika nchi asiyoijua, ajitafutie njia, kama msiba unavyofanya.

Weka Mwindo na Zau bega kwa bega. Mwindo anashuka kuzimu kumkamata baba aliyetaka kumuua, na anarudi naye, anampa nafasi ya kutubu mbele ya watu, wanagawana utemi. Zau anashuka kwa ajili ya baba aliyempenda, anatimiza kazi zote tatu, na Baba harudi. Anachokipata ni nguvu ya kumwacha aende. Rureke alisimulia mbele ya kijiji kilichohitaji kujua namna mtemi na mwanawe wanavyopatana. Salim alitunga kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa peke yake chumbani, mwenye msiba usio na matanga. Ugumu wa njia ni uleule. Kinachongojwa mwishoni kimebadilika.

Zau anaweza kusikika akisema Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa sauti za lugha hiyo zilitolewa pamoja na zile za Kiingereza. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyodhaniwa. Blasphemous, mchezo wa Wasevilla kuhusu dini ya Wasevilla, ulitoka ukisema Kiingereza, na sauti za Kihispania ziliongezwa mwaka 2020. Kiswahili hakikungoja.

Hata hivyo kusikika si kufika. Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki na Kongo, anayecheza bila kuwa na mtambo wake huenda kwenye kibanda, hulipa kwa mchezo au kwa dakika, na mara nyingi huchagua kandanda. Sababu yake haihusiani na uvivu wa akili. Kandanda ina mwisho unaojulikana, na watu wawili hugawana bei. Mchezo unaomwua mtu kila baada ya dakika mbili, ukichezwa kwa dakika za kulipia, hugeuka kuwa ile mashine ya sarafu ya 1985, hata kama mtungaji wake alikusudia haki. Na pale umeme unapotegemea jenereta au betri ya jua, giza la ghafla humnyang'anya mchezaji kazi ambayo zimwi alishindwa kuinyang'anya. Haki ya mchezo humhitaji mwenye kumiliki muda wake.

Hapa ndipo hoja ya mzazi na mchungaji inapoweza kujibiwa, angalau kwa sehemu. Kifo cha Djugu hakifuati mpango unaosomeka. Hakiinui bega kabla ya kupiga, wala hakimrudishi mtu kituo cha nyuma akiwa amejua zaidi. Katika utendi, Mwindo alitumia siku tatu kuwafufua watu wa Tubondo aliowateketeza mwenyewe; Ituri haina usinga wa namna hiyo, na kijana wa Ituri analijua jambo hilo kuliko mtungaji yeyote wa Tokyo. Anayeketi mbele ya zimwi la kioo hachanganyi vifo hivi viwili. Kwa saa moja yuko katika nchi ambamo kosa lina sababu, sababu inaweza kujulikana, na aliyeijua hupita. Kwamba saa hiyo ingeweza kutumiwa shambani ni kweli, na ni hoja nyingine.

Katika vibanda hivyo huwapo pia wasiocheza. Mmoja hushika vibonyezo, saba au wanane husimama nyuma yake, wakimwonya juu ya shimo, wakimcheka, wakinyamaza zimwi linapobakiwa na pumzi chache. Rureke naye hakusimulia peke yake. Walikuwapo wapiga vijiti na waitikiaji. Na Mwindo alipokuwa kuzimu, juu yake alikuwapo Iyangura, ameketi, ameshika ncha ya kamba, akiitazama kama inatikisika.